Trekta Haliruki Mpaka

Sauti ndiyo iliyofika kwanza. Watu wa bondeni walikuwa bado wanapiga mswaki na kupuliza moto, mara wakasikia ngurumo ambayo haikuwa ya mvua. Inapanda, inashuka, inapotea nyuma ya kilima, inarudi tena kwa nguvu. Kigingi akaacha sufuria ya uji jikoni akatoka mbio na mwiko mkononi. Uji ukafurika huko nyuma, shauri yake uji.

Kwenye barabara ya vumbi lilikuwa linakuja trekta jekundu, bomba la moshi limesimama wima kama mtu mwenye majivuno, plau imeinuliwa nyuma na visahani vyake vya chuma vinametameta. Nyuma ya plau, watoto. Nyuma ya watoto, mbwa wote wa bondeni, kila mmoja anabweka kwa lugha yake.

"Limekuja jamani! Limekuja kweli!" Kigingi akapaza sauti, na mwiko akaupunga kama bendera.

"Shusha huo mwiko, jirani, utamtia mtu uji machoni," akasema fundi cherehani, mzee mwenye futi ya kupimia shingoni hata siku asiyoshona. "Miaka yote redio inatuambia uchumi umekua. Nilikuwa najiuliza umekua ukaenda wapi. Kumbe ulikuwa njiani unakuja na matairi makubwa."

Watu wakacheka, na Kigingi akacheka kuliko wote. Nani asingecheka? Kila mwaka walilima kwa jembe la mkono, na kila mwaka mvua iliwakuta bado wameinama. Ukipanda mvua imeshatangulia, mahindi yanatoka mafupi, magunzi matupu, unavuna mabua. Na asubuhi ile mawingu yalikuwa tayari yameanza kujipanga upande wa mlima.

Trekta likasimama kwenye nguzo ya simu. Bwana Shamba akateremka, akajipangusa vumbi, akapanda juu ya jiwe ili aonekane.

"Ndugu zangu, sikilizeni vizuri maana sirudii. Trekta hili ni la mradi wa serikali na liko hapa leo tu. Kesho linavuka kwenda bonde la pili. Na kuna sharti. Halilimi shamba lililo chini ya ekari kumi."

Kelele zikaja zote pamoja.

"Ekari kumi! Nani ana ekari kumi hapa?"

"Hata marehemu chifu hakuwa nazo!"

"Bwana Shamba, umetuletea pilau na kutufunga midomo?"

"Subirini basi!" Bwana Shamba akainua mikono. "Mradi uliopita ulikufaje? Ulikufa kwa dizeli. Trekta linaingia kwenye kishamba cha mtu, linageuka, linageuka, kutwa nzima linageuka kama ng'ombe aliyefungiwa kwenye ukumbi. Safari hii mnaunganisha. Wenye mashamba yaliyopakana ondoeni mipaka, liwe shamba moja kubwa, trekta lipite moja kwa moja. Watu wa mlimani wameshaunganisha, naanza nao. Ninyi wa hapa chini jipangeni. Nikirudi mchana nikakuta mmekubaliana, nalima. Nikakuta mnabishana, nawaaga."

Trekta likanguruma likaelekea mlimani, na watu wa chini wakabaki wanatazamana. Halafu, mmoja mmoja, macho yakaanza kumgeukia Kigingi.

Hilo Kigingi si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na mdogo wake wa kiume, yule ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Kigingi alipoachika akarudi nyumbani na godoro lake na cherehani mbovu, Kitinda alisema ardhi ya baba ni ya mtoto wa kiume. Mama yao wakati huo alikuwa bado yu hai. Alichukua miche ya mkonge, akashuka shambani, akapanda mstari kutoka barabarani hadi karibu na kijito, akasema upande ule wa Kitinda na upande huu wa dada yake. Kigingi akalima pale. Mama alipofariki Kitinda alijaribu kumbembeleza dada yake ahame, akajaribu kumtisha, akajaribu kumnunia. Dada akabaki palepale. "Huyu ni kigingi," mdogo wake akasema kwa hasira, "ukimgonga ndiyo anazidi kuzama." Watu wakalipenda jina, na mwenyewe akalipenda zaidi.

Sasa kipande cha Kigingi kilikuwa katikati. Huku fundi cherehani na jirani zake, kule Kitinda na jirani zake. Bila kipande kile hakuna upande uliofika ekari kumi. Na hati hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mkonge wa mama yake, huo huo ambao leo ulitakiwa kung'olewa.

"Dada," Kitinda akaanza, sauti imelainika ghafla kama ya mtu anayeuza asali, "unaona wingu lile?"

"Naliona, mdogo wangu. Macho ninayo."

"Basi tung'oe mikonge. Tukishavuna tutajua nani ni nani."

"Tutajua?" Kigingi akamtazama. "Wewe mkonge ukiwepo jembe lako linaonja upande wangu kila msimu. Ukiondoka si litakula na kulala hukohuko?"

Watu wakaguna kwa kicheko. Wifi yake, mkewe Kitinda, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Kigingi, tuhurumie," akasema fundi cherehani, na safari hii hakutania. "Mgongo wangu umekwisha. Nimeinama kwenye cherehani, nimeinama kwenye jembe, nitazikwa nimekunjwa. Nataka mwaka mmoja tu nipande na mvua."

Hapo moyo wa Kigingi ukapasuka vipande viwili. Kipande kimoja kilitaka lile trekta mpaka miguu ikamwasha. Cha pili kilijua kwamba mwanamke aliyerudi kwao hana anachokishika isipokuwa kile kinachoonekana kwa macho.

"Nipeni muda," akasema. "Nakwenda mlimani kuangalia linavyolima. Siwezi kununua mbuzi kwenye gunia."

Akapandisha karibu anakimbia, na wifi yake nyuma anahema, "Ningoje wifi, mimi nimebeba na wewe hujabeba kitu!" Alikuwa anausema mwili wake mwenyewe.

Huko juu, aisee! Plau ilikuwa imezama ardhini na udongo ulikuwa unapinduka mweusi, unameremeta, unanukia kama mvua ya kwanza. Kazi ya wiki nzima ya watu na majembe ilikuwa inaliwa huku wao wanaangalia. Ndege weupe walifuata nyuma wanaokota wadudu. Wifi alipiga vigelegele mpaka akakohoa.

Kigingi naye alishangilia, lakini jicho lake lilishika kitu. Dereva alianza katikati ya eneo, akawa anazunguka na kutanuka kwenda nje, udongo wote ukiangukia ndani. Kisha akahamia eneo la pili akafanya vilevile. Na pale maeneo mawili yalipokutana, udongo ulikuwa umeondoka huku na huku, ukaacha mtaro mrefu, wazi, ambao kuku angeweza kupita ndani usimwone.

Dereva, kijana aliyevaa kofia ya sufu kwenye jua lile lote, aliposimama kunywa maji, Kigingi akamwendea.

"Mwanangu, huo mtaro ni kosa au ni makusudi?"

"Si kosa, mama. Plau inatupa udongo upande mmoja. Lazima kuwe na mahali pa kuanzia, udongo urundikane, na mahali pa kumalizia, ubaki mtaro."

"Na mahali pa kumalizia anachagua nani? Trekta?"

Dereva akacheka. "Trekta lingekuwa linachagua ningeshalala nyumbani. Nachagua mimi."

"Nikikuambia umalizie hapa na hapa, nikakuonyesha, itakugharimu dizeli zaidi?"

Akafikiri, akakuna kofia. "Hapana. Kumalizia ni kumalizia tu. Ila nitahitaji mtu wa kusimama mwisho kabisa wa shamba na kitambaa, nimlenge yeye. Mstari mrefu bila cha kulenga unapinda."

Kigingi akamkumbatia wifi yake kwa furaha hata wakayumba wote wawili.

"Umepata nini tena, wifi?"

"Mkonge mwingine! Twende!"

Waliteremka kile kilima kama wasichana. Kigingi akafika mbele za watu pumzi juu juu, akasema, "Ng'oeni mikonge!"

Shangwe ikapanda. Fundi cherehani akarusha futi yake hewani. Lakini Kigingi akainua mkono.

"Sijamaliza. Kipande changu kitalimwa kuanzia katikati yake, na trekta litamalizia mipakani, huku na kule, libakize mtaro. Kila mtu atauona, hata anayepita barabarani. Na atakayesimama kwenye mpaka ashike kitambaa ni mdogo wangu. Yeye mwenyewe, mbele yenu wote."

Macho yakahamia kwa Kitinda. "Kwa nini mimi?"

"Ni wewe ninayepakana naye."

"Mtu mwingine anaweza..."

"Baba Mapacha!" Wifi hakumwacha mumewe amalize. Akafungua shuka jekundu alilojifunga kiunoni akamtupia kifuani. "Shika. Au unataka tukalime kwa midomo?"

Mchana trekta lilipoteremka, mikonge ilifungwa mnyororo, ikang'olewa mmoja mmoja na watu wakaiburuta pembeni wakiimba. Bwana Shamba alizunguka eneo lote kwa miguu, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Ekari kumi na zaidi. Anza." Plau ikazama katikati ya kipande cha Kigingi. Kila trekta lilipokwenda na kurudi alitembea sambamba nalo, viatu mkononi, akishangilia udongo wake kama mtu anayeshangilia mpira.

Mzunguko ukatanuka. Ukafika ukingoni. Ikawa zamu ya Kitinda.

Akaenda upande wa kijito, akasimama, akainua shuka. Sasa, huko kijitoni mikonge ilikuwa haifiki. Mafuriko yalikwisha kuichukua zamani, na ndiko jembe la Kitinda lilikoshiba zaidi. Aliposimama, kila mtu aliona ni upande wa dada yake. Dereva akafunga breki, akangoja. Injini ikawa inatetemeka.

"Baba Mapacha!" sauti ya wifi ikavuka shamba zima. "Hapo uliposimama ndipo dada yako alipovuna maharage!"

Watu wakaangua kicheko. Kitinda akasogea hatua moja, mdomo umevimba.

"Hata mimi ninayehitaji miwani naona hiyo ni hatua ya kinyonga!" fundi cherehani akadakia.

Kigingi hakucheka. Ghafla kila kitu kilikuwa pale, kwenye miguu ya mtu mmoja. Trekta likipita vile alivyosimama, mtaro ungekuwa ushahidi wa uongo, na watoto wa watoto wangeufuata. Akateremka peke yake mpaka kwa mdogo wake, akasimama karibu, akasema polepole asisikiwe na wengine.

"Siku ile mama alipanda, nani alikuwa amembebea miche?"

Kitinda akatazama chini. "Mimi."

"Basi mimi sikuwepo. Nilikuwa nyumbani nalia. Wewe ndiye uliyemwona alikosimama. Simama hapo."

Upepo ulikuwa umeanza, wa baridi, wenye harufu ya maji. Kitinda akashusha shuka. Kisha akatembea kuelekea upande wake mwenyewe. Akapita pale wifi alipotaka, akaendelea, akapita hata pale ambapo Kigingi mwenyewe angepakubali, akafika kwenye jiwe dogo la kijivu lililochungulia nyasini. Akageuka, akainua shuka kwa mikono yote miwili, juu kabisa.

"Hapa!" akapaza sauti, na sauti ikamkatika kidogo. "Mama alisimama hapa! Leta trekta!"

Na trekta likaja. Likaja linanguruma, shuka linapepea, watu wanakimbia pande zote mbili, wifi vigelegele havina nukta. Kigingi akamfikia mdogo wake, wakasimama bega kwa bega hadi dereva alipopiga honi mara ya pili, ndipo wakaruka, huyu huku na huyu kule. Plau ikapita katikati yao. Udongo ukafunguka, mtaro ukabaki mrefu, mnyoofu, kutoka barabarani hadi kijitoni.

Lilipomaliza na mashamba ya wengine, matone ya kwanza yakaanza kupiga mgongo wa trekta. Kitinda akasimama kwenye ukingo wake, shuka limelowa matope, akamwita dada yake ng'ambo ya mtaro.

"Dada! Huko kwako unapanda nini?"

"Alizeti!" akajibu Kigingi, tayari ameshaanza kukimbia kwenda kuchukua mbegu. "Na kesho asubuhi uje na jembe lako, una mkono mzuri wa kufukia!"