Nguzo Isiyooza

Asubuhi ya harusi ya Kosmas, Rufina alikuwa barazani akimwogesha mwanawe kwenye beseni la bluu. Alimkinga kichwa kwa kiganja cha kushoto, maana shingo ilikuwa haijakaza, na kwa mkono wa kulia akawa anammwagia maji ya mvua taratibu asije akashtuka. Kosmas alipita chini kwenye njia ya mbao, kajipaka mafuta, ndevu kazichana, akasimama kuamkia. Yeye na huyo mtoto walizaliwa usiku mmoja.

"Shikamoo, mama. Pacha wangu hajambo?"

"Marahaba, baba. Hajambo, ila kaamka na mafua."

"Mwambie asikose leo. Mabuu ya sago yapo ya kumwaga."

"Na meno ya kuyatafunia utamwazima wewe?"

Kosmas akacheka, akaenda zake kuoa. Rufina alimfuta mtoto, akamfunika kanga, akampa titi, kisha akalia kidogo, kama alivyozoea kulia siku za harusi za watu.

Kwetu Pirsak hakuna aliyeshangaa kwamba mtoto yule hakui. Sababu ilijulikana. Alizaliwa mwezi aliokufa babu yake, Mzee Beworpit, na alipotoka tu alikikamata kidole cha mama yake kwa kukinyonganyonga, vile vile mzee alivyokuwa akishika kafi. Wakunga wakatazamana, wakasema jina lake ni hilo, halitafutwi jingine. Ila jina lilikuwa bado na mwenyewe. Kwetu mtu akifa huchongewa nguzo ya mkoko, huitwa kwa jina lake aingie ndani yake, hupigiwa ngoma, halafu nguzo hupelekwa kwenye misago, ile mitende ya topeni inayotupa unga, ikalazwe ioze. Ikishaoza, marehemu anavuka kwenda kwa wenzake, misago inanona, na jina linabaki kwa mtoto anayelihitaji ili akue. Hakuna ufundi zaidi ya huo.

Nguzo ya Mzee Beworpit aliichonga mwanawe, Paulinus, kaka yake Rufina. Ilikuwa nguzo ya kutazamwa: baba mtu kasimama juu ya mabega ya baba yake, na mzizi wa mkoko umechomoza mbele kama bawa, umetobolewa matundu hata upepo ukipita unapumua. Siku ngoma zilipokoma akaja Bwana Lenart. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Sijui walimaanisha mgeni gani. Huyu alikuwa mkusanyaji wa michongo, mtu mpole, anayeongea lugha yetu vizuri kuliko vijana wetu. Aliizunguka nguzo huku machozi yakimtoka. Alisema ni dhambi kitu kama hicho kuachiwa mchwa. Akampa Paulinus injini ya boti, na Paulinus akaona miti ya mikoko ni mingi, atachonga nyingine. Basi nguzo ikabebwa mjini, ikasimamishwa ghalani kwa Bwana Lenart, mahali penye mashine inayofyonza unyevu hewani mchana na usiku.

Injini ilikufa kabla msimu haujageuka. Paulinus alichonga nguzo ya pili, wakaita jina, wakapiga ngoma, wakailaza kwenye misago. Ikaoza vizuri kabisa. Lakini maji yalipojaa siku iliyofuata, Mzee Beworpit alipanda ngazi ya nyumba kama alivyozoea alipokuwa hai, midomo imepasuka kwa ukavu, akaomba maji.

"Baba, mbona tumekulaza?" Paulinus akamuuliza.

"Mmelaza gogo," mzee akasema. "Mimi niko kwenye ile ya kwanza. Mtu haitwi mara mbili, kwani mimi mbwa?"

Akanywa mtungi mzima na ngozi yake isilainike. Tangu hapo akawa anakuja kila maji yakijaa, anakaa pembeni ya mjukuu, wanatazamana. Alimwonea haya sana. "Nisamehe, mwenzangu," alikuwa akimwambia. "Nimekukalia."

Wakajaribu majina mengine. Katekista alimwita mtoto Yosafati, na hadi jioni kila mtu alikuwa amelisahau, katekista akiwa wa kwanza. Majina hayakumshika, yaliteleza. Mume wa Rufina alivumilia miaka michache, halafu akaenda kwenye kambi za kukata miti, akaoa huko. Rufina akabaki na mtoto kifuani, na kwa kuwa mtoto hakuacha kunyonya, maziwa hayakukauka. Modesta, mke wa Paulinus, alimtania mapema, wakati mambo bado yalikuwa ya kutaniwa.

"Wifi, wenzio tunasema kuzaa si kazi, kazi kulea. Wewe naona umetuonyesha."

"Nawe umelea nini, wifi, zaidi ya tumbo la kaka yangu?"

Wakacheka hadi sago ikaungua. Miaka ilivyozidi, Modesta aliacha utani huo, akawa anakuja tu kumpokea mtoto ili wifi yake apate kulala.

Baada ya harusi ya Kosmas zikaja habari kwamba Bwana Lenart amezeeka, anarudi kwao, na meli ya kubeba michongo yake imekwisha kuingia. Rufina alikuwa ameshakwenda kumwomba nguzo mara nyingi, akarudi na sukari na pole. Safari hii alijua ni ya mwisho. Alimfunga mtoto kifuani, akaingia mtumbwini, na Mzee Beworpit akapanda nyuma bila kuambiwa. Njia nzima mzee alilalamika jinsi binti yake anavyopiga kafi. Rufina alikuwa akiomba kimoyomoyo, na alikuwa anaogopa.

Bwana Lenart aliwapokea mlangoni mwa ghala.

"Karibu, Mama Rufina. Mzee, karibu tena, kiti chako kile pale."

Mzee akakaa karibu na nguzo yake. Ndani mlikuwa mkavu hata pua zinauma. Nguzo zilikuwa zimefungwa blanketi, zimelazwa tayari kwa meli, isipokuwa hiyo moja, ambayo Bwana Lenart alitaka kuifunga kwa mikono yake mwenyewe.

"Nimekuja kumchukua baba," Rufina akasema.

Bwana Lenart alimwomba mtoto, akampakata. Alijua kupakata. Alimtazama muda mrefu.

"Hajabadilika hata kidogo," alisema kwa huzuni.

"Atabadilikaje, bwana? Jina lake umelisimamisha hapa."

"Naelewa. Usidhani sielewi. Lakini nikikupa nguzo hii utaifanya nini?"

"Nitailaza kwenye misago."

"Itaoza."

"Ndiyo."

"Italiwa na mchwa, mama!"

"Ndiyo kazi ya mchwa, bwana. Wewe unataka wale nini?"

Bwana Lenart alitoa leso akajifuta macho. Alisema hakuna nguzo kama hiyo iliyobaki popote, kwamba mikono ya Paulinus siku ile ilikuwa na kitu ambacho hakijarudi tena, kwamba ikioza dunia itakuwa imempoteza Beworpit milele.

"Dunia ilimjua lini?" Rufina akauliza. "Alikuwa mvuvi wa Pirsak. Tuliomjua ni sisi, na sisi tunasema aende."

Hapo mzee mwenyewe akaingilia. "Kijana," alimwambia Bwana Lenart, ambaye kichwa chote kilikuwa cheupe, "nimechoka kusimama."

Bwana Lenart akainamisha kichwa. Wale waliokuwa wakifanya kazi ghalani walisema baadaye kwamba walidhani ametubu. Lakini alimrudishia Rufina mtoto kwa uangalifu, akaenda akachukua blanketi, akaanza kuifunga nguzo kuanzia miguuni, polepole, kama mtu anayemvisha mgonjwa. Alikuwa analia kweli, hakujifanya. Aliipenda ile nguzo, na hakuna kitu kibaya kama kupendwa hivyo. Rufina alimshika mkono, mkono ukaendelea kufunga. Alipiga magoti, na Bwana Lenart naye akapiga magoti, ili afikie kamba.

Rufina akarudi Pirsak peke yake na mtoto. Alipofika ukingoni alijitupa kwenye tope akajigaragaza, kama wanawake wetu wanavyofanya wakifiwa. Watu hawakujua amefiwa na nani, lakini walishuka wakagaragara naye.

Mzee Beworpit baada ya hapo akawa haji kila maji yakijaa. Safari imekuwa ndefu, alisema. Alipofika alikuwa anatetemeka, na Modesta alimwashia moto. Walimuuliza huko kukoje.

"Baridi. Ukumbi mkubwa, taa juu. Wanapita, wananitazama, wanashusha sauti. Wanasema nimetunzwa vizuri."

"Na chakula?"

"Chakula hakuna."

Rufina akazeeka. Nywele zikaisha, meno yakaisha, mgongo ukapinda, na matiti yakawa bado yanatoa maziwa. Kosmas akapata wajukuu, na wajukuu wakawa wanambeba yule mtoto huku na huko na kumrudisha akilia njaa. Kisha Rufina akaanza kukohoa damu. Hakuogopa kufa, tuseme kweli, wazee wetu hawaogopi kufa. Aliogopa kitu kimoja tu, na kila mtu kijijini alikijua: nani atamnyonyesha? Modesta alikuwa ajuza. Binti zake wawili walijaribu kumpa titi, mtoto akageuza uso. Walimtia uji wa sago mdomoni kwa kidole, akautema. Alikuwa mtoto mchanga, alimtaka mama yake.

Siku moja Rufina alimwita kaka yake. Paulinus alikuja na fimbo. Tangu meli ile alikuwa ameapa kutomuuzia mtu hata mpini wa shoka, na wakusanyaji waliokuja aliwafukuza kwa matusi.

"Kaka, nikifa utanichongea?"

"Swali gani hilo, dada? Nitakuchongea, na nitakulaza kwenye misago kwa mikono hii. Hakuna mgeni atakayekutia jicho."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Nichonge vizuri, kaka. Kuliko baba. Nichonge hadi wakusanyaji waililie."

Mtoto alikuwa ananyonya. Paulinus alimtazama mtoto, akamtazama dada yake, na hapo akaelewa anaombwa nini.

"Dada, hutavuka kamwe."

"Najua."

"Hutamwona mama. Hutaona mtu."

"Nitamwona huyu," Rufina akasema. "Ukinilaza kwenye misago, nani atakuja kumnyonyesha? Wauzie, kaka. Tafadhali. Wauzie walio mbali, wanaotunza."

Paulinus alilia kama mtoto. Alipomaliza, alikwenda kunoa patasi.

Rufina alikufa maji yakipwa. Mtoto alilia msimu mzima wa uchongaji, na wanawake walimpokezana, na hakuna aliyelala Pirsak. Paulinus alichonga bila kula. Alimchonga dada yake amekaa, mtoto kifuani, na juu yake bawa la mzizi jembamba hata mwanga ulipita. Kile kitu ambacho Bwana Lenart alisema hakijarudi mikononi mwake kilirudi. Walipoita jina la Rufina, nguzo ilitoa jasho la utomvu, na wanaume wakaweka ngoma chini wakatoka nje, maana hawakuweza kuitazama.

Wakusanyaji wakaja, wakalia, wakalipa bila kubishana bei. Mapatano yalikuwa rahisi kuliko yote tuliyowahi kuona. Mmoja alimpongeza Paulinus kwa kuwa hatimaye ameelewa umuhimu wa kuhifadhi. Paulinus akawasaidia kuifunga kamba ili isikwaruzwe.

Sasa maji yakijaa Rufina anapanda ngazi, ngozi kavu, midomo imepasuka, anatetemeka kwa baridi ya huko. Modesta anampa maji, halafu anampa mtoto. Maziwa yapo. Mwanzoni mtoto alishtuka kwa ubaridi wa titi, sasa kazoea.

"Wifi, huchoki?" Modesta alimuuliza siku moja.

"Nachoka, wifi," Rufina akasema. "Mgeuze upande huu."

Mtoto akishiba anacheua, analala. Rufina anamkabidhi, anajifunga kanga yake, anaondoka kabla maji hayajaanza kupwa, maana ni mbali, na kule ukumbini wanafungua milango mapema.