Namba Nyeupe

Namba zile nilizipaka kwa rangi nyeupe juu ya ubao mweusi, kubwa kama mayai ya kanga, kuanzia nane hadi thelathini na mbili. Chini ya kila namba nilipigilia msumari, na kwenye kila msumari nikatundika soketi yake ya kufungulia nati. Masika yamekuja na kwenda na rangi haijabanduka. Nilizipaka ili baba azione.

Baba yangu, Luhaga, ni fundi hapa Somanda, Bariadi, tangu sijazaliwa. Karakana yake ni chumba cha mabati ubavuni mwa nyumba yetu, na mlangoni pake zimepita trekta za wakulima wa pamba, mashine za kusaga, pampu za mashamba ya mpunga kutoka Nassa, na pikipiki zisizo na idadi. Nilipohitimu stashahada ya ufundi mitambo Mwanza, nilirudi nikidhani nitaingia mle kama mtu anavyoingia kwao. Baba alinizuia mlangoni. Hakufoka. Alisema tu kwamba karakana haina nafasi ya watu wawili, nikae kwanza, nimsaidie mama shambani.

Nilikaa miezi minne na neno hilo kooni kama mwiba wa sato. Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Stashahada yangu ingekuwa na sharubu, ingekuwa imeshapewa spana.

Na kilichoniuma zaidi ni vurugu niliyokuwa nikiiona kutoka pale mlangoni. Soketi moja ililala ndani ya tairi lililokatwa, nyingine tatu kwenye kopo la maziwa ya unga, nyingine kwenye sufuria lisilo na mkono. Bisibisi zilichomekwa ndani ya pembe la ng'ombe lililofungwa kwenye nguzo. Spana zilitungwa kwenye waya kama samaki wa Lamadi. Chuoni, mwanafunzi aliyeacha meza yake hivyo alirudishwa bwenini. Baba alifanya kazi humo akipiga mluzi, mkono ukitoka na kurudi na kifaa, uso ukiwa umeelekea kwingine kabisa, kama mtu anayejivunia uchafu wake.

Kisha kulikuwa na suala la salamu. Zamani ukimwambia shikamoo aliitikia marahaba na kuendelea na kazi. Sasa nilimkuta anadai salamu ya Kisukuma nzima kutoka kwa kila aliyekanyaga kizingiti: mwangaluka, halafu "Ng'wa nani?", na mgeni ataje yeye ni wa nani, baba yake ni nani, katoka kijiji gani, ng'ombe hawajambo. Hata mimi aliniuliza, bintiye wa kumzaa. "Ng'wa Luhaga," nilimjibu kwa kebehi, naye akacheka. Wazee waliotoka Lalago na Bukundi walimpenda kwa hilo. Walisema mjini kumebaki Msukuma mmoja. Mimi nilisema ni uzee.

Mwezi wa saba baba alipata msiba Bukundi, akaondoka na mama kwa siku nne. Stendi nilimwona mama yangu, Evalina, amemshika baba kwenye kiwiko wakipanda basi, nikatabasamu; nilidhani mapenzi yamewarudia uzeeni. Kabla ya kupanda, baba aligeuza uso upande wangu na kusema nisiguse karakana. Mama akaongeza kwamba nimesikia alivyosema baba yangu. Alilisema taratibu mno, akinikazia macho. Macho yale niliyaelewa baadaye.

Siku nne zilinitosha. Nilitoa kila kitu uani. Nilichemsha maji kwa sabuni ya unga, nikasugua grisi ya miaka hadi nambari zilizochongwa kwenye chuma zikajitokeza. Nilipanga soketi kwa ukubwa, spana kwa ukubwa, koleo kwa aina, tupa na tindo kwenye rafu yake. Nilipaka ubao, nikaandika namba. Tairi, makopo, sufuria, pembe na waya nilimpa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa akipita na mkokoteni, bila kumdai hata senti. Sitasema nilifanya vile kwa mapenzi peke yake. Kila msumari niliopigilia nilimpigilia mtu. Nilitaka asimame mlangoni na akose la kusema.

Aliporudi, alisimama mlangoni na kweli akakosa la kusema. Alivuta pumzi puani.

"Umepaka rangi," alisema.

"Ndiyo, baba. Waonaje?"

Nilimuuliza hivyo, kwa mdomo wangu huu. Mama, nyuma yake, alishusha kapu chini kama mtu aliyeishiwa nguvu za mikono. Baba akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, polepole, kama mtu anayekagua.

"Panang'aa," alisema.

Usiku ule nililala usingizi wa washindi.

Asubuhi alikuja Josia, dereva wa bodaboda wa kijiwe cha karibu na kwetu, na pikipiki iliyokuwa ikivuja oili kwenye hedi ya injini. Walisalimiana kwa kirefu. Nilisimama mlangoni, kifua mbele, nikingoja Josia ashangae ubao wangu, naye akashangaa, akasema sasa mzee amefungua duka. Baba alichuchumaa kando ya injini, akagusa nati kwa kidole, na mkono wake wa kushoto ukaenda usawa wa goti, pale lilipokuwa tairi. Ukafumba hewa.

Akainuka. Akaenda kwenye ubao na kuanza kuzigusa soketi moja moja, kama mtu anayesali rozari. Akachukua moja, ikawa kubwa. Akarudi, akachukua nyingine, ikawa ndogo. Josia alikuwa bado anacheka na simu yake. Mara ya tatu kiganja cha baba kilikwama kwenye msumari, ubao ukalegea upande mmoja, na safu nzima ikamwagika. Soketi zinapoanguka kwenye sakafu ya saruji hazilii kwa pamoja. Kila moja ina sauti yake, na nyingine huendelea kubingirika wakati zilizobaki zimeshatulia.

Baba alipiga magoti, akaanza kupapasa.

"Mzee, unatafuta panya?" Josia alisema. "Kumi na mbili si hiyo hapo mbele ya goti lako, imekutolea macho."

Mkono wa baba ulipita kushoto kwake. Ukapita kulia. Josia aliacha kucheka. Alichutama, akapunga kiganja mbele ya uso wa baba, mara moja, mara mbili, kisha akanitazama mimi.

"Esteria, kumbe mzee haoni?"

Habari hiyo tuliipata dakika moja, yeye na mimi.

"Josia," baba alisema akiwa bado chini, "chukua pikipiki yako."

Mama alinieleza jikoni, akichagua mawe kwenye mchele, bila kuniangalia. Ni presha ya macho. Ilimwanza miaka mitatu iliyopita, na daktari alisema kilichokwisha kwenda hakirudi. Kadiri nuru ilivyopungua, ndivyo alivyoacha kila kifaa pale mkono ulipokizoea. Kopo lilikuwa na mlio wake, sufuria na mlio wake, tairi halikulia kabisa. Salamu ndefu zilimjulisha ni nani ameingia. Bariadi nzima haikujua.

"Nilikwambia usiguse," alisema.

"Hukuniambia kwa nini."

"Hiyo kwa nini haikuwa yangu kuisema. Aliniapisha."

Nilimtafuta mwenye mkokoteni siku mbili. Nilipompata alinionyesha uwanja mtupu. Mzigo wake ulishapondwa na kupakiwa kwenye lori la Mwanza.

Nataka kusema watu walituhurumia, na wengine walituhurumia kweli. Lakini pikipiki hazikuja tena, na pampu za Nassa zilipata fundi mwingine. Kijiweni walibuni mchezo. Mtu akipita mbele ya nyumba yetu, ambapo baba sasa alikaa kwenye kigoda asubuhi hadi jioni, alimsalimia kwa ukoo wa uongo ili aone kama mzee ataitikia. Siku moja nilimsikia mmoja akikohoa, kisha akijibu kwa sauti ya kubana kwamba yeye ni ng'wa Nyanda, wa Lalago.

"Ng'wa Nyanda," baba alimwambia, "mbona unakohoa kama Josia?"

Walicheka huko barabarani. Baba hakucheka.

Wiki ya tatu nilikwenda kukaa chini karibu na kigoda chake. Nilimwomba anitajie vifaa vilipokuwa, nivirudishe kimoja kimoja, makopo nitatafuta mengine.

"Sijui," alisema.

"Baba, ulifanya kazi mle miaka mitatu bila macho."

"Mkono ndio uliokuwa ukijua. Mimi sikuwahi kuuuliza."

"Ungeniambia tangu mwanzo."

Kuku walipita kati yetu.

"Ulikuja na cheti," alisema. "Nilitaka umkute fundi."

Kwa miezi minne niliamini ananificha karakana kwa sababu mimi ni binti yake, na nilikuwa sahihi. Maana yake tu ndiyo niliyoikosea.

Masika yakaja na kwenda. Juzi asubuhi kigoda kilikuwa kitupu. Nilisikia chuma kikigusana karakanani. Baba alikuwa amechuchumaa mbele ya injini ya zamani ya pampu, isiyo na mwenyewe, iliyosahaulika pembeni kwa miaka. Nati ya kwanza alikuwa ameilegeza kwa koleo, kwa shida, na pua yake ilikuwa imelowa jasho. Nilichukua kipande cha chaki dirishani, nikaingia.

"Ng'wa nani?" aliuliza.

Alijua. Hatua zangu anazijua tangu nikiwa na miezi kumi.

"Ng'wa Luhaga," nilisema. Safari hii haikuwa kebehi.

Hakucheka. "Usinipe kitu mkononi," alisema. "Mimi si mgonjwa."

Kwa hiyo sikumpa. Nilisimama kando na kungoja. Aliinamia injini, akasahau, au alijitahidi kusahau, kwamba nipo. Mluzi haukuja. Lakini baada ya muda mkono wa kushoto ulitoka wenyewe, ukaenda usawa wa goti, ukafumba hewa, na kabla haujarudi niliweka alama ya chaki kwenye nguzo iliyokuwa nyuma yake. Ulitoka tena, juu zaidi, karibu na pembe lilipokuwa limefungwa, nikaweka alama. Kufikia saa nne nilikuwa na alama sita. Soketi, spana na bisibisi zote kwa pamoja ni mia na kumi na tatu.

Kisha mkono ukarudi kutafuta ile ya kwanza. Niliona unakwenda, nikafurahi kama mjinga. Ulishuka chini ya alama yangu kwa upana wa vidole viwili, ukafumba, ukabaki hapo umefumba. Nami nikasimama na chaki yangu, nisijue niifute alama ile au niweke ya pili.