Ima wa Dakawa

Nimekula kwa kuchora marehemu. Msishtuke. Mtu akifiwa, familia huniletea picha ndogo, mara nyingi ile ya kitambulisho, nami naikuza kwa rangi za mafuta wapate cha kutundika sebuleni. Wengi waliozikwa hapa Morogoro wamepita mikononi mwangu, na ndugu zao husema nimewapatia. Wa kwangu mwenyewe ndiye aliyenishinda.

Mwanangu Emmanuel, tuliyemwita Ima, alichukuliwa na mto kule Matombo akiwa na miaka tisa. Mvua ilinyesha juu mlimani, bondeni jua linawaka, na watoto walikuwa wanavuka. Picha yake ni moja tu, ya Komunyo ya Kwanza: shati jeupe, mshumaa, na macho yanayojizuia kucheka. Mungu hakutupa mwingine. Mpaka leo, hapa Bigwa tulikohamia, mimi ni Mama Ima na mume wangu Yakobo ni Baba Ima. Wageni huuliza huyo Ima anaishi wapi siku hizi.

Nilitaka kumkuza kwenye turubai, nimwone mtu mzima. Nilimpa ndevu, akatoka Yakobo. Nilimpunguza nywele, akatoka shemeji yangu mlevi, ambaye hata akiwa hai simtaki ukutani. Kila nilipofuta, alirudi yule yule wa mshumaa.

Nilikuwa nimeshavuka sitini siku nilipoweka brashi chini kwa hasira, nikageuza karatasi ya kuchorea na kuandika kwa penseli: "Ima ameamka mapema, amekwenda kufungulia maji mpunga wake Dakawa." Nikasoma. Nikamwona kwa nyuma, mwanamume mrefu, suruali kaikunja hadi magotini. Brashi haikuwahi kunipa mgongo ule. Nililia sana, kisha nikaendelea kuandika.

Niliandika masika nzima. Wateja wakaanza kununa, marehemu wao wamekaa nusu uso. Ima wangu alioa, akagombana na jirani kwa ajili ya mfereji, akanunua pikipiki mbovu. Nilikuwa na furaha, na nilitaka kuigawa. Mchana mmoja nikamsomea Yakobo, yeye anapukuchua kunde barazani.

Alinisikiliza mpaka kwenye pikipiki. Akasimama, kunde zikamwagika.

"Mwanangu yuko makaburini Matombo, Mama Ima. Huyo wa Dakawa simjui."

"Ni hadithi tu, Baba Ima."

"Picha sikukukataza. Picha inakaa kimya. Huyu anasema! Maji yakimwagika hayazoleki. Ukiendelea na huyo mtu wako, mimi narudi Matombo kwa dada zangu."

Yakobo si mtu wa vitisho, na ardhi ya ukoo wao iko kule, kwa dada zake. Angekwenda kweli. Na nilijua kinachomuuma. Jioni kabla ya siku ile ya mto alimchapa Ima kwa sababu ya mbuzi walioingia kwenye maharage ya watu. Asubuhi mtoto akampita baba yake bila kumwamkia. Yakobo naye akanyamaza, akingoja aamkiwe kwanza, kama baba anavyostahili. Mimi nilikuwa jikoni, niliona. Adhuhuri tukaitwa mtoni. Hajawahi kulisema jambo hilo, nami sijawahi kumuuliza.

Nikazifunga karatasi zangu kwa kamba, nikazisukuma chini ya kitanda. Nilirudi kwa marehemu wa watu, nikawachora vibaya.

Kisha akafa jirani yetu Ezekiel, fundi baiskeli. Tulipotoka kuzika, mtani wa ukoo wao, Stambuli, akaingia ndani na kutoka amevaa koti la marehemu na kofia yake, anachechemea kama Ezekiel alivyokuwa anachechemea. Watani wetu ndivyo walivyo, msiba hawauonei haya. Akajibwaga kitini, akafoka kwa sauti ya Ezekiel ile ile ya puani:

"Maria! Chai gani hii, mmesuuzia vikombe?"

Watu wakaangua kicheko. Maria, mjane, alikuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi. Akainua kichwa, akamtazama Stambuli ndani ya lile koti.

"Tangawizi imeisha, mume wangu," akasema. "Ungeninunulia."

Hapo ndipo akalia, kilio cha kumtua mtu mzigo. Nilimtafuta Yakobo kwa macho. Alikuwa amemkazia macho Maria.

Jioni, nyumbani, mawingu yalikuwa yamefunika Uluguru hadi kwenye mashamba ya migomba. Yakobo alikaa barazani bila kuvua viatu.

"Maria alijua kwamba yule ni Stambuli," akasema.

"Alijua."

"Na akamjibu."

"Akamjibu."

Akainama, akafungua kamba ya kiatu kimoja. Nilidhani yameishia hapo.

"Huyo wako wa Dakawa," akasema, "huwa anakuja nyumbani?"

"Bado sijamleta."

"Akija." Akakohoa. "Akija, ataniamkia?"

Niliingia chumbani, nikavuta karatasi chini ya kitanda, nikaja kukaa karibu naye. Niliandika huku nikimsomea, neno kwa neno. Ima akashuka kwenye pikipiki pale njiani na kiroba cha mchele. Akavua kofia. Akamwona baba yake barazani, akapanda ngazi, akainama.

"'Shikamoo, baba,'" nikasoma.

Nikaishia hapo. Jibu halikuwa langu.

Yakobo alikuwa anaitazama ngazi. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nikaandika hivyo hivyo alivyosema.