Bibi wa Droo ya Kumi na Saba

Saa mbili asubuhi msafishaji wa maabara ya mifupa alikuwa akipiga deki chini ya meza. Mtaalamu, ambaye wenzake walimwita Daktari Poda kwa sababu kazi yake ilikuwa kusaga mifupa ya kale, alikuwa akisoma karatasi kwa mara ya tatu.

"Dada, ulishika mifupa ya droo ya kumi na saba?"

"Mimi na mifupa wapi na wapi, daktari? Mimi na ndoo yangu."

Pale maabara kila aliyeingia, hata mwenye fagio, alitema mate kwenye kichupa, ili vinasaba vyake vikidondokea mifupa vijulikane ni vya nani. Sasa mwanamke wa droo ya kumi na saba, aliyekufa miaka elfu nne iliyopita, alikuwa ametoa majibu sawasawa na mate ya msafishaji, upande wa mama, bila tofauti hata ya nukta. Daktari Poda aliona uchafuzi. Alikuwa amefika katikati ya barua ya onyo droo ilipofunguka.

Bibi alishuka taratibu, akajipangusa vumbi.

"Hiyo barua ichane. Mjukuu wangu hajanigusa. Aliyenigusa ni wewe, tena umenitoboa mfupa wa sikio. Upande huu sisikii kitu."

"Nisamehe, bibi," alisema Daktari Poda. "Lakini humu ndani ni lazima kuvaa kofia."

Akampa kofia ya plastiki, na kichupa cha kutemea mate.

Msafishaji alimpa bibi yake kiti, akamwamkia shikamoo, kisha akaomba ruhusa ya nusu siku. Kama mama yake, aliishi kwa kadi ya mgeni, na mwenye kadi ya mgeni haruhusiwi kujenga kwa matofali. Matofali yake mia sita yalikuwa uani, majani yameshaota katikati. Ni uani humo humo, nyuma ya choo, bibi alimochimbuliwa.

Kwenye ofisi ya kadi, dirisha la wenyeji halikuwa na mtu. La wageni lilikuwa na foleni hadi barabarani. Walikwenda la wenyeji. Karani alisoma majibu ya maabara yote, maana alikuwa mtu makini, kisha akamtazama bibi.

"Ulizaliwa hapa, mama?"

"Nani, mimi? Nililetwa mgongoni. Mama alitoka kaskazini, baba magharibi, wakakutana kwenye kivuko wakigombania mbuzi. Hapa tulikuta watu. Walitucheka wiki nzima, kisha wakatuonyesha maji."

"Hata maabara inasema hivyo," karani alikubali, akifuata mstari kwa kalamu. "Basi wewe ni mgeni, na huyu ni mjukuu wa mgeni."

"Sawa. Na ninyi mlifika lini, mwanangu?"

"Miaka mia tatu sasa!" alisema karani, akinyoosha shati lake.

"Aa, juzi tu! Karibuni sana."

"Ahsante, bibi. Lakini sisi tulikuja na muhuri."

Akauonyesha. Ulikuwa muhuri mzuri, wenye mpini wa mbao, na bibi aliusifia.

Wakahamia foleni ndefu. Saa tisa bibi alipata kadi yake ya kwanza, picha amepigwa na kofia ya plastiki kichwani. Penye swali la atakaa hadi lini, alisema hajachoka bado. Karani akaandika: kwa muda.

Siku hizi bibi anaishi na mjukuu wake chini ya mabati, na mvua ikinyesha analalia sikio zima. Asubuhi huota jua juu ya matofali mia sita. Kila mwezi mkaguzi wa ujenzi hupita kuhakikisha hakuna ukuta uliosimama. Akimuuliza bibi ataondoka lini, bibi humgeuzia sikio lililotobolewa, husogea kidogo, na kupigapiga tofali lililo kando yake.

"Karibu, mgeni. Keti."

Mkaguzi huketi, akakagua matofali akiwa ameyakalia.