Swichi ya Nane

Haya yote ni kweli tupu, na kama mna chembe ya uongo humu ndani, nalisukuma gari lenyewe kutoka karakanani hadi kule juu kwenye tangi la maji, peke yangu, kwa magoti haya haya mnayoyajua.

Jumamosi moja, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Fyuzi alikuwa amelala chali ndani ya gari, miguu nje, kichwa chini ya dashibodi, tochi ndogo ameing'ata kwa meno. Alikuwa fundi umeme wa magari kwa miaka arobaini na mmoja, hata watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Gari lilikuwa la milango minne, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na lilikuwa na umri wa dada yake mdogo, aliyetimiza hamsini na minane mwaka huo. Ya aina yake yalikuwa yamebaki machache. Wiki ile ile mwenye duka la vioo alikuwa ameamka akakuta la kwake limekuwa doa la mafuta barabarani.

"Langu hawalipati," Fyuzi alimwambia mkewe. "Naliwekea swichi ya siri. Mwizi atazungusha ufunguo mpaka mkono uote sugu."

Swichi ya siri si kitu kikubwa. Unakata waya unaopeleka umeme kwenye injini, unaunganisha swichi katikati, halafu unaificha mahali anapopajua mwenye gari tu. Ikizimwa, stata italia weee, injini haishiki. Fyuzi aliificha nyuma ya kisahani cha majivu ya sigara. Akaibonyeza. Injini ikanyamaza. Ndani ya nyumba, saa ya ukutani nayo ikanyamaza.

Mkewe akatoka na kitambaa cha vyombo begani. "Saa imesimama."

Fyuzi akaiwasha swichi. Saa ikaendelea.

"Basi ukitaka kuzima uwe unaniambia," mke akasema. "Nina sufuria jikoni naipimia muda."

Akarudi ndani.

Mtu mwingine angetosheka na moja, lakini hofu ni mgeni asiyeshiba. Ya pili, ya kukata petroli, aliificha chini ya zulia la dereva, na ilipozimwa mabomba yote ya nyumba yalikauka. Ya tatu ikazima upepo: nguo zilizokuwa zikipepea kambani ziliganda vile vile, mkono wa shati umenyooka hewani kama mtu anayeomba kusema. Ya nne aliitia ndani ya redio, hata ukitaka kuiwasha sharti utafute stesheni ambayo haipo. Hiyo ilichukua vivuli vya mtaa mzima, na kinyozi, aliyezoea kunyolea watu kivulini mwa ukuta, akahamisha kiti chake ndani akisema jua la siku hizi halina adabu. Ya tano ikachukua mwangwi. Ya sita ikachukua harufu, na hapo hakuna aliyelalamika, maana mtaro uko karibu.

Mtaa ukazoea. Watu walijaza ndoo mapema kabla Fyuzi hajarudi na gari. Wakiona nguo zimeganda, waliambiana, "Keshaegesha," wakaendelea na shughuli zao.

Sasa kuna jambo ambalo Fyuzi hakulisema chini ya dashibodi wala penginepo. Gari halikuwa lake. Baba yao alilinunua wiki aliyozaliwa binti, akawa anawaambia watu kwamba hao ni pacha. Siku yake ya mwisho, mchana, mzee aliinuliwa kidogo kitandani ili pumzi imtoshe, akasema mbele ya watu wawili, muuguzi na mjomba wao, "Gari ni la binti yangu." Akalazwa tena, akatulia moja kwa moja. Muuguzi na mjomba nao hawakukaa sana, wakamfuata. Fyuzi akautungua ufunguo kwenye msumari, akaenda kubadilisha kadi ya gari iwe na jina lake.

"Mwanamke na gari la kizamani, wapi na wapi," alisema. "Litamtesa bure."

Ni miaka ishirini na sita sasa. Dada mtu ni mshonaji wa mapazia na vitambaa vya viti. Alikuwa akienda kazini kwa miguu, majora ya vitambaa kichwani, na mara nyingine gari lilimpita njiani likampigia honi kwa heshima. Majirani waliona. Lakini majirani walipewa lifti, na mwenye kupewa lifti haulizi kadi.

Swichi ya saba ndiyo iliyoleta mambo. Katika gari, umeme hutoka kwenye betri kwa waya, ila hauna waya wa kurudia. Hurudi kwa kupitia bodi yenyewe. Chuma chote, milango, paa, matao ya magurudumu, ni njia ya kurudi, na bodi hufungwa kwenye betri kwa waya mmoja mnene. Betri ya gari lile hukaa chini ya kiti cha nyuma. Fundi mwangalifu haichezei njia ya kurudi, kwa kuwa kinachotoka unakijua na kinachorudi hukijui. Fyuzi alikuwa ameishiwa mahali pa kuficha. Akaukata waya mnene, akaweka swichi, akakaza skrubu ya mwisho. Alipoinua kichwa akamkuta baba yake amekaa pale juu ya kiti, kofia yake ya kazi kichwani, mikono magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Springi ya kiti hiki inanichoma."

"Nitaitengeneza, baba."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Si mimi hapa?"

"Namuuliza mwenye gari," mzee akasema, akageukia dirishani.

Tangu hapo gari halikuwaka, hata swichi zote saba zikiwa zimewashwa. Fyuzi alipima kila waya. Umeme ulikuwepo, petroli ilikuwepo, baba alikuwepo. Injini haikushika.

Siku ya nne akaja mwizi. Alikuwa yule anayeitwa Kidole, kwa sababu kidole kimoja kilimtosha kuipapasa swichi yoyote iliyofichwa na mwanadamu. Alikuja saa saba mchana, watu wakiwa mezani. Fyuzi na mkewe walijua yupo kwa kuwa saa ya ukutani ilianza kutembea.

"Ameipata ya kisahani," mke akasema.

Bomba likakohoa, likatoa maji.

"Ya zulia hiyo."

Shati likashusha mkono wake kambani. Ya redio ilimchukua muda, kisha vivuli vikajitandaza ukutani kimoja kimoja. Kijiko kikaanguka na mwangwi wake. Harufu ya mtaro ikaingia, mke akafunga dirisha. Wakasubiri ya saba. Halafu hodi.

"Mzee, nimekuja kuaga," Kidole akasema mlangoni.

"Umeshindwa?"

"Swichi nimeziona zote. Hongera, kazi safi, hiyo ya redio imenitoa jasho. Lakini huyo mzee wa nyuma kaniuliza mimi nani. Mtu mzima humfichi. Nikamwambia, mzee, mimi ni mwizi. Akanijibu, 'Karibu. Wewe ni wa pili.'" Kidole akajipangusa mikono kwenye suruali. "Na sisi tuna miiko yetu. Kilichokwisha kuibwa hakiibwi."

Akapewa glasi ya maji, akanywa, akashukuru, akaenda zake.

Mke akamtazama mumewe. "Amesema wa pili."

"Nimesikia."

"Wa kwanza ni nani?"

"Nipe chumvi," Fyuzi akasema.

Akaenda kuzima swichi zote saba, moja baada ya nyingine. Kesho yake akamwita dada yake aje kushona kiti, maana mzee alikuwa hampi raha na ile springi. Dada mtu alikuja na utepe wa kupimia shingoni na chaki nyuma ya sikio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Miguu imechoka."

"Imezoea. Hebu inua paja hili kidogo nipime."

Akakipima kiti baba akiwa amekikalia, upana, urefu, mgongo. Kisha akahamia mbele kupima kiti cha dereva, na ili kujua kitambaa kitavutika wapi, akakikalia.

Hakuwa na ufunguo. Injini ikawaka.

Haikukohoa wala haikusita. Ilianza chini kabisa, kama mtu mzima anayesafisha koo kabla ya kutaja jambo, ikapanda, ikatulia katika mlio ambao Fyuzi, pamoja na miaka yake arobaini na mmoja ya mafuta kuchani, hakuwahi kuusikia kwenye chuma chochote. Saa ya ukutani ikapiga saa zote ilizozikosa, mfululizo, kwa sauti ya upole. Mabomba yakafunguka mtaa mzima. Upepo wa miezi yote uliozuiwa ukaja kwa pamoja, lakini taratibu, ukainua kila pazia kwenye kila dirisha kwa kimo kimoja. Vivuli vikarudi kwa wenyewe, virefu kuliko vilivyoondoka. Mwishowe ukarudi mwangwi. Ulirudisha kwanza vikohozi na hodi na majina ya watoto yaliyoitwa, na yalipokwisha hayo, kutoka ukuta hadi ukuta, ikapita sauti ya mzee ya miaka ishirini na sita iliyopita: "Gari ni la binti yangu."

Kinyozi akazima mashine. Wenye kofia wakazivua.

Dada mtu akaondoka nalo, polepole, hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Fyuzi alibaki amesimama kwenye doa la mafuta.

"Kumbe lina sauti nzuri ukiwa ndani," dada mtu akasema aliporudi.

Fyuzi akafungua mlango wa dereva. "Teremka basi."

"Kaka, umesikia alivyosema."

"Mtaa mzima umesikia. Sisi ni ndugu, hatugombanii chuma. Litakaa kwangu, ndiko kwenye karakana. Ila kwa kuwa haliwaki bila wewe, utakuwa unapita asubuhi unaniwashia."

Watu wa mtaa wakatazama viatu vyao.

Dada mtu alikwenda ofisi ya usajili wa magari. Karani akamsikiliza vizuri, akaandika, akamwambia mwangwi hauwezi kutia sahihi. Alete shahidi mmoja, mmoja tu, aliye hai. Hakuwa naye.

Kwa hiyo kila asubuhi hupita, akakaa kwenye kiti cha dereva dakika tatu, baba yake nyuma. Injini ikishika anateremka, kaka yake anaingia. Yeye huweka majora kichwani na kushika njia, na gari likimpita humpigia honi. Fyuzi huwaambia watu kwamba hakuna gari lenye ulinzi kama lake duniani. "Swichi ya nane haina waya. Mwizi atamtoa wapi dada yangu?"

Ndivyo nilivyokuwa nikiwasimulia watu kibarazani kwa kinyozi, neno kwa neno, na sikujua kwamba dada mtu amesimama nyuma yangu na majora yake.

"Hadithi nzuri, jirani," akasema. "Siku ile ya baba, mashahidi walikuwa wangapi?"

"Wawili."

"Muuguzi alishika kikombe. Mjomba alisimama mlangoni. Aliyemwinua baba apate kusema ni nani?"

Kinyozi akazima mashine tena. Nikajitia kutafuta miwani. Kiti cha mbele cha gari lile, upande wa abiria, kina bonde la umbo langu. Miaka ishirini na sita nimepelekwa na kurudishwa.

"Ofisi ya usajili iko wazi mpaka saa tisa," akasema.

"Nilichoahidi ni kusukuma, si kutia sahihi," nikamjibu.

Nikasukuma. Dada mtu alishika usukani, injini kaizima kwa makusudi, na watu wakatoka kutazama kama harusi. Juu, kwenye tangi, Fyuzi alikuwa amekunja mikono, anasubiri kushuka nalo. Mzee alikuwa amegeuka kitini, uso wake na wangu umetenganishwa na kioo cha nyuma tu, na hakuniondolea macho mlima mzima.

"Siku ile mikono yako ilikuwa na nguvu," akasema.

"Naam, mzee," nikasema, nikaendelea kusukuma.