Mkono wa Rithimu

Mtu akikuambia muziki wa hevi metali ni kelele tu, mpe gitaa la umeme na umwambie apige rithimu ya wimbo mmoja bila kupumzisha mkono wa kulia. Atakurudishia gitaa lako kabla ubeti wa kwanza haujaisha, huku anajikanda kiwiko. Mimi niliupiga wimbo mzima. Mwaka 2001, hapahapa Mtwara, binti wa mwalimu niliyepiga gitaa kwenye kwaya, niliupiga mwanzo hadi mwisho, kisha nikaurudia. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani nilikosa nafasi yangu kwa uvivu.

Aliyenifundisha ni kanda. Kanda yenyewe ilikuwa ya Haider, mtoto wa mzee Mohsinali mwenye duka la vipuri Chikongola. Tuliisikiliza kwenye stoo ya nyuma ya duka, katikati ya matairi na makopo ya grisi, kwa redio kubwa ambayo fundi alikuwa ameibadilishia mota. Haider alipiga solo, mimi rithimu. Ndivyo tulivyogawana tangu shule, na mwenyewe alikuwa akisema, "Rithimu ni kazi ya punda, Witness. Mimi siiwezi."

Kazi ya punda kweli. Kwenye kwaya nilizoea kuchezesha vidole. Huku kwenye metali unashika kipande cha plastiki, chetu tulikikata kwenye mfuniko wa ndoo ya mafuta ya kupikia, unalaza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi nene ili sauti itoke imezibwa, halafu unachapa. Kuchapa hakukunitisha, mwendo ndio ulionitisha. Wimbo ule ulikwenda mbio ajabu, na mwimbaji alikuwa na sauti nyembamba utadhani kafinywa. Tukasema labda ndivyo Wazungu wa metali wanavyoimba. Nilijaribu kupiga kila pigo kwenda chini, mkono ukakakamaa hadi begani. Nikajiambia hakuna binadamu awezaye hivyo, lazima wanapiga chini na juu. Basi nikajifunza chini na juu.

Nilianza polepole, kifundo cha mkono nimekilegeza, nikawa naongeza mwendo kidogo kidogo. Umeme ukikatika, na enzi zile ulikatika kila ulipojisikia, nilipiga hivyohivyo bila spika. Mama alichoka kunisema kwa kugonga ukingo wa sahani wakati wa kula. Korosho zikavunwa, mvua zikaanza, na siku moja nikaifikia kanda. Tulikwenda sawa, mimi nayo, hadi pigo la mwisho. Haider akacheka, akanipa mkono.

Mwezi wa pili akaniletea habari. Erasto anakuja Pasaka. Erasto alikulia hapahapa, mtaani Mtawanya, baba yake alikuwa mfanyakazi wa bandari, na sasa alikuwa na bendi ya metali Dar es Salaam. Mpiga rithimu wake alikuwa amemwacha. Alitaka mtu mmoja wa kuondoka naye, wakarekodi.

"Nafasi yako hiyo," Haider aliniambia. "Solo wanaye tayari. Atakujaribu kwa wimbo wetu uleule, wewe kaza tu. Fuata kanda, usiiache hata kidogo."

Nilimshukuru, Mungu ananiona. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote.

Jumatatu ya Pasaka, mimi na Haider tulikwenda kwenye ukumbi mdogo upande wa bandarini. Erasto alikuja na mpiga dramu wake. Dramu zikahesabu, nikaingia, na kabla sijafika mbali nilikuwa nimemwacha mwenye dramu nyuma. Tukaanza upya. Nikamwacha tena.

"Sista, unafukuzwa na mbwa?" Erasto akacheka, wala si kwa ubaya.

Nilijaribu kupunguza. Mkono niliokuwa nimeujenga kwa mbio haukujua pa kujiweka. Kila nilipousahau kidogo, ulichomoka wenyewe. Erasto akasogea karibu, akauangalia.

"Na hii chini-juu umeitoa wapi? Wimbo huu ni chini tu, dada yangu. Kila pigo. Uzito wake wote uko hapo. Wewe unazikuna nyuzi."

"Kwa mwendo ule haiwezekani," nikasema.

"Mwendo upi?"

Nikamgeukia Haider anisaidie. "Mwambie kanda inavyokwenda."

Haider alikuwa ameinama anakaza nyuzi zake. "Labda ulizoea vibaya," akasema.

Erasto akamwuliza kama yeye anaiweza rithimu. Na yule mtu wa solo akasimama, akapiga. Chini tu. Kila pigo chini, kiganja kimelala mahali pake, bega limetulia, hadi wimbo ukaisha, na wala hakujikanda. Mkono wa namna ile hauokotwi. Najua unavyojengwa, na najua hauchukui wiki moja.

Mama yake, Bi Khatijabai, alikuwa ameingia na sambusa za mchana. Akapiga makofi kwa furaha, maskini, hakujua anasema nini. "Kazi yake usiku na mchana, hii! Tangu Idi, shangazi yake alipomletea ile redio ndogo ya masikioni. Kanda ileile! Mimi nikamwuliza, mbona humu anaimba mwanamume mzima, dukani anaimba mtoto?"

Ndipo nikaelewa. Redio ya dukani, kwa ile mota ya fundi, ilikuwa inaikimbiza kanda. Nilikuwa nimevunja mgongo kuufukuza wimbo ambao hakuna aliyewahi kuupiga, na Haider alijua, akaniambia nikaze. Nilisikia uchungu hadi kwenye meno. Nikamfuata pembeni.

"Tangu Idi?"

"Nilitaka kukwambia, Witness. Wallahi nilitaka. Halafu Erasto akapiga simu."

"Ukaniambia nifuate kanda."

Akawa anaukunja na kuukunjua mkanda wa gitaa lake. Mimi mpumbavu nikamwonea huruma. Miaka yote ile tumekula sahani moja. Akasema, kwa sauti ya chini, "Nitamweleza. Nitamwambia ni redio, akupe wiki mbili ujirekebishe. Wewe una mkono kuliko mimi, hilo nalijua."

"Basi mwambie sasa. Yule pale."

Erasto alikuwa anakunja nyaya, hatua chache tu kutoka tulipokuwa. Haider akamtazama, akanitazama mimi, akajifuta jasho.

"Kaka Erasto," akaita, na mimi nikasogea nisikie.

"Naam."

"Basi letu la kesho linaondoka saa ngapi?"