Vitunguu Vilivyokaribia Kuungua

Tangu homa imwachie, Mwonjaji hakutulia. Asubuhi alilamba limau, akalamba chumvi, akatafuna kitunguu kibichi mbele ya kioo cha bafuni huku machozi yakimtiririka, na ulimi haukumwambia kitu. Akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Na huyu ndiye mtu ambaye mji mzima wa kale, kuanzia lango kuu mpaka mashamba ya nje ya ukuta, ulisubiri safu yake gazetini kila wiki ili ujue ukale wapi. Hoteli kubwa hakuzigusa, maana hizo zinajua kujisifu zenyewe. Yeye aliandika habari za migahawa midogo ya watu binafsi, ile ambayo neno moja la gazeti huijaza au huifunga.

Angekuwa na busara angemweleza mhariri. Lakini kazi ile ndiyo ilikuwa jina lake. Hata fundi viatu wa kona alimwita Mwonjaji. Basi akafanya ujanja, akaanza kutoka na wifi yake.

Wifi, dada wa mumewe, alikuwa mshonaji, na mdomo wake haukujua kupumzika. Siri hakuambiwa, na wala haikuwa lazima, kwa sababu alikula kwa sauti. "Wifi, hapa walipika au waliadhibu?" aliuliza katika mgahawa wa mnarani. Kule sokoni alisema supu ina chumvi ya kuhifadhia maiti. Mwonjaji alicheka, akameza, akaenda kuyaandika yote kama yake. Wasomaji wakasema siku hizi amekuwa mkali kuliko zamani. Yeye aliposifiwa alikaa kama mtu aliyekalia miiba.

Ndipo wakaenda kwa yule mama wa kichochoro cha nyuma ya ukuta. Alikuwa muuguzi, akavua sare, akageuza sebule yake kuwa mgahawa. Viti havikufanana, pazia la chumbani lilikuwa ndilo mlango wa jikoni, na vyombo vya nyumba nzima vilikuwa mezani. Akawaletea mchuzi wa dengu, akarudi jikoni roho juu.

Wifi akatia kijiko kinywani. Mwonjaji akasubiri neno, halikuja. Wifi akaweka kijiko chini taratibu, midomo ikimtetemeka, akainuka na kutoka nje bila kuaga.

Mwonjaji akabaki na bakuli. Kwake yeye lilikuwa uji wa moto usio na chochote. Akakoroga, akaona vipande vyeusi vya vitunguu. Nje alimkuta wifi ameegemea ukuta.

"Kulikoni, wifi?"

"Niache. Twende nyumbani."

Njia nzima hakupata neno jingine. Jioni mhariri akapiga simu kudai safu, akapiga tena. Mwonjaji alizunguka meza mpaka mumewe akamwuliza kama anapima chumba, kisha akaketi akaandika: dengu zimeungua, na mwenzangu aliweka kijiko chini akakimbilia nje. Akatuma.

Gazeti lilimfikia wifi siku ya nne tangu litoke, akaingia bila kubisha hodi.

"Haya umeandika wewe?"

"Si uliweka kijiko chini?"

"Niliweka kijiko chini kwa sababu ule ulikuwa mchuzi wa mama!"

Mama mkwe walikuwa wamemzika mwaka uliopita. Alikuwa na namna yake: vitunguu aliviacha kwenye mafuta mpaka vikaribie kuungua, amesimama juu ya sufuria, na ole wake atakayemsemesha. Mwonjaji aliujua mchuzi ule tangu alipoolewa. Ndio uliomfundisha kuonja.

"Umekula chakula chake miaka yote hiyo," wifi alisema. "Umeshindwaje kuutambua?"

Mwonjaji akakaa chini, kwa mara ya kwanza siku ile. "Sisikii ladha, wifi. Wala harufu. Tangu homa."

Wifi alimtazama sana. "Kumbe muda wote ulikuwa unanikamua kama limau."

"Nilikuwa nakukamua."

"Vaa viatu."

Kule kichochoroni walikuta sebule tupu, viti vyote vimesukumwa chini ya meza. Yule mama akawaletea dengu mwenyewe, akasimama pale pale. Wifi akaonja. Akaonja tena kwa haraka, kama mtu anayepekua mfuko. Akatikisa kichwa.

"Siyo huu."

"Nimeubadilisha," yule mama akasema. "Gazeti lilisema naunguza. Sasa vitunguu navitoa vikiwa vyeupe. Na watu bado hawaji."

Sura ya Mwonjaji hakuna aliyeijua. Hakuwahi kuweka picha yake gazetini. Angeweza kulipa na kuondoka. Mguu wake ulikuwa umeshaanza kucheza chini ya meza, ukitaka mlango. Akaukanyaga kwa mguu wa pili.

"Hukuunguza," alisema. "Aliyeandika hakuonja. Hawezi kuonja. Ni mimi."

Yule mama hakupaza sauti, afadhali angepaza. Alishika mgongo wa kiti mpaka vidole vikageuka rangi. "Niliacha kazi kwa ajili ya sebule hii," alisema. "Kisha, muuguzi mzima, mgonjwa anakaa mbele yangu nisimtambue."

"Nitaandika hivyo hivyo ilivyokuwa. Kesho."

"Watakufukuza."

"Watanifukuza."

Yule mama akamtazama kidogo, akafunua pazia. "Basi njooni mwone ninavyovipika vitunguu. Safari hii uwe na cha kuandika."

Jikoni palikuwa padogo, wakabanana mlangoni. Vitunguu vikaingia kwenye mafuta, vikalia. Mwonjaji alisikia sauti ile tu. Yule mama akasimama juu ya sufuria bila kumsemesha mtu.

"Bado," wifi alinong'ona. "Bado."

Vikawa vya dhahabu, vikawa vya kahawia, kingo zikaanza kuwa nyeusi. Wifi akamshika mkono akaubana.

"Sasa."

Mwonjaji akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma. Kilichoingia kilikuwa hewa ya moto basi, na machozi yakamtoka.

"Mama yetu yupo?" aliuliza.

"Yupo," wifi akasema.